Makoti Mezani

Kazi yangu ilikuwa kugawa karata za poka katika kasino ndogo ya Machakos, chumba kimoja tu nyuma ya hoteli, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Meza moja, viti sita. Na hivyo viti sita vilinitoa jasho!

Wachezaji wangu walikuwa watu wa serikali: karani wa ardhi, daktari wa mifugo, walimu wawili, na wengine wawili ambao mpaka leo sijui walifanya kazi gani, ila walivaa tai. Walikuja na ujuzi wao wa ofisini. Unavua koti, unalitundika kwenye kiti, halafu unapotea. Bosi akiuliza, si koti liko? Basi mtu yuko.

Walikopotelea nilikujua: ng'ambo ya barabara, kwa mzee mmoja Mwislamu aliyekaanga sambusa. Mimi nabaki nikiyagawia makoti karata. Siku moja koti la daktari wa mifugo lilipata karata nzuri kuliko zote mezani, na kwa kuwa mwenyewe hayupo, ikabidi nizitupe. Roho iliniuma kwa ajili ya lile koti!

Sheria ilisema ukikosa mizunguko mitatu, kiti anapewa mwingine. Nilipowasomea, karani alishangaa kwelikweli.

"Lakini mimi sijakosa. Koti langu lilikuwa hapa muda wote."

Wenzake wakaitikia kama wako kanisani. Nikapandwa na mori. "Kuanzia leo, anayeinuka aende na koti lake! Koti halichezi karata!"

Mwenye hoteli, mama asiyecheka ovyo, alikuwa amechoka na viti vitupu. Akaniambia atapita Jumamosi saa kumi. Asipowakuta watu, meza inaondolewa, nami nirudi Kangundo kuchuma kahawa kwa kaka yangu. Kahawa sikuiogopa. Niliogopa mdomo wa kaka yangu.

Jumamosi saa tisa na nusu walikuwa wamefika wote. Nikawabembeleza, "Wazee wangu, leo tu, kalieni." Saa kumi ikikaribia, nikainama kuokota karata iliyoanguka. Kuinuka, hakuna mtu! Na makoti hakuna. Safari hii walikuwa wametii sheria.

Nikavua koti langu, nikalitupa kwenye kiti changu, nikatimua mbio hadi kwa mzee wa sambusa, nikawakuta wote sita. Nilifoka mpaka sauti ikakauka.

"Kula kwanza, mwanangu, unatetemeka," mzee akaniambia, akanipa moja. Nikala. Akaniongeza ya pili, na sitadanganya, sikukataa.

Niliporudi nikitafuna, mama alikuwa ameshafika. Alikuwa analitazama koti langu.

"Huyu ndiye aliyebaki kazini?" aliuliza. "Basi nitamwajiri yeye. Wewe nenda nyumbani."

Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya pilipili. Niliona aibu, jamani, aibu ya kuota nayo.

Nyuma yangu wale sita wakaingia. "Mwaitu," karani akasema, kama tunavyomwita mama sisi Wakamba, "huyu alitufuata sisi. Makosa ni yetu." Akakaa. Wengine wakakaa, wakakunja mikono. "Hatuinuki mpaka umrudishe."

"Hamuinuki? Nyinyi?" Mama akaagiza birika kubwa la chai. Akawamiminia kikombe kimoja, akawamiminia cha pili, halafu akaketi kungoja. Saa kumi na moja ikapita. Saa kumi na mbili ikakaribia. Watu ambao hawakuwahi kumaliza robo saa kitini! Mwalimu mmoja alikuwa anatoka jasho, lakini hakusogea.

Mwishowe mama akanirushia koti langu. "Gawa karata," akasema, akatoka.

Nikagawa. Karani akaniinamia, miguu ameibana.

"Ile chai, ndugu yangu," akaninong'oneza. "Naomba ruhusa." Akaanza kuvaa koti lake.

"Nenda, mzee wangu," nikamwambia. "Koti liache. Nitaligawia."