Wiki Sita za Programu ya Pamba

Miaka ya themanini nilikuwa mwanamke pekee katika chumba cha kompyuta cha chama kimoja cha ushirika, Shinyanga mjini. Mapazia yalifungwa mchana kutwa kuzuia vumbi, kiyoyozi kikivuma, nami nilijihisi kama ninaishi chini ya maji.

Mkuu wetu alitaka programu ya kutunza stakabadhi za wakulima wa pamba. "Itachukua muda gani, binti?" aliniuliza akiwa mlangoni.

"Wiki sita, mzee."

Ilinitoka tu. Nilikuwa nimeiona kichwani, nyepesi, imekwisha kamilika, kama nyumba ya ndotoni ambayo hukuona ikijengwa. Akaandika wiki sita, akakadiria na gharama, akapeleka kwenye kamati.

Wiki ya tano sikuwa nimefika hata robo. Majina ya wakulima kwenye stakabadhi hayakulingana. Nikapanda lori hadi kituo cha kununulia pamba cha Kharumwa, ili nikaone stakabadhi zinavyoandikwa.

Karani wa mizani, mama wa makamo, aliitikia shikamoo yangu akanisogezea gunia nikae. Mbele yetu mkulima mmoja alipima mizigo mitatu: wa kwanza kwa jina la ubatizo, wa pili kwa jina la babu yake, wa tatu kwa jina la mkewe.

"Sasa mwenye pamba ni nani?" nikauliza.

"Ni huyo huyo. Mimi namjua kwa sura. Mashine yako inajua sura?"

Nilikaa pale siku tatu, nyuzi nyeupe zikielea kwenye mwanga na kutua taratibu juu ya daftari langu.

Niliporudi nilimwambia mkuu, "Mzee, ni miezi minane."

Akavua miwani. "Kamati nimeshaiahidi."

"Najua. Nilikujibu kabla ya kwenda kuona."

Akairudisha miwani machoni. "Na ukianza na Kharumwa peke yake?"

Jibu lilinijia mdomoni, nikalimeza. "Naomba nikujibu kesho kutwa."

Nikaigawa kazi vipande vipande, kila kimoja na siku zake. Nikasema wiki kumi kwa Kharumwa; zikawa kumi na moja. Kamati ilimkaripia mkuu, naye hakunitaja hata mara moja. Nililijua hilo baadaye sana, na bado linanisumbua.

Orodha ya kwanza ya wakulima iliyotoka kwenye mashine niliipeleka Kharumwa mwenyewe. Karani aliipitia kwa kidole, jina kwa jina, midomo ikicheza bila sauti.

"Huyu amehamia Kahama," akasema.

Nikachukua penseli.