Krimu na Ganda la Yai

Daktari alituambia tumrudishe mama nyumbani akapumzike, na mimi na dada yangu tukaelewa. Kabla ya wiki kuisha tulikuwa tumeleta fundi wa rangi. Waombolezaji wangejaa sebuleni, na kuta zilikuwa zimekolea moshi wa jikoni. Dada alisema hawezi kuaibishwa mbele ya watu wa kanisa.

Mama tulimdanganya kwamba kuna wageni wa maombi. Alikuwa amelala pale pale sebuleni, kwenye kochi, kwa sababu chumba chake kilichopakana na shamba la chai kina baridi mbaya. Fundi alipaka mabaka mawili kwenye ukuta uliomkabili, moja krimu, lingine ganda la yai. Kusema kweli sikuona tofauti, ila nilibisha kama mtu aliyesomea rangi.

"Krimu itaonyesha matope," dada akasema. "Na mvua hii, watu watakuwa wengi."

"Ganda la yai kwa picha itakaa kama wodi," nikamjibu.

Tulivutana nusu saa nzima, mama akiwa katikati yetu. Naona haya kuandika hili: nilikuwa nafurahia. Tangu utotoni dada ndiye aliyechagua kila kitu, na safari hii sikutaka kushindwa.

"Picha gani?" mama akauliza.

Fundi akajifanya anakoroga rangi.

"Mara ya mwisho hii nyumba ilipakwa, tulikuwa tunazika baba yenu," mama akasema. "Mimi ndio nilichagua." Akayatazama yale mabaka, moja baada ya lingine. "Pakeni krimu. Hiyo ingine msifunike. Wacha nikuwe naona kitu mlikuwa mnapigania."

Dada alitoka nje kulia. Mimi nilimwambia fundi afanye alivyoambiwa.

Mama hakufa. Alianza na uji, akaja akasimama, na huu ni mwaka wa tatu anachuma chai yake mwenyewe. Mgeni akisifu ukuta, anamwambia, "Hiyo ni rangi ya matanga yangu. Watoto walinunua mapema."

Dada siku hizi hutuma tu unga na sukari, haji. Mimi huenda. Mama hunikaribisha vizuri, ananivutia kiti kile kile kinachotazama baka la ganda la yai, ananimiminia chai, kisha anakaa akinitazama mpaka niimalize.