Fundi wa silaha na Punda asiye na nyota

Saa mbili asubuhi, na fundi amekwisha kufunga mlango wa karakana kwa ndani. Hataki mtu aingie kumsemesha. Mbele yake, katikati ya meno ya jiliwa, kile kibanio kizito cha mezani, yaliyovikwa vipande vya ngozi, kuna bunduki fupi nyeupe pepepe.

Weupe huo si wa kiwandani. Ni rangi ya mafuta, ile ya milango na madirisha, iliyopakwa tabaka juu ya tabaka na watu waliokuwa na brashi kubwa na haraka. Imejaza mifereji ya mbao, imemeza skrubu, na imeficha kabisa sehemu ndogo ya chuma, upana wa kidole gumba, ambayo fundi anaihitaji.

Anaipaka dawa ya kuyeyushia rangi. Anaketi, anakunja mikono, anasubiri.

"Ukiwa na pupa unakwangua rangi na chuma pamoja," anasema. "Halafu unabaki na bunduki safi isiyokuwa na historia."

Anatafuta nyota. Kwa usahihi zaidi, anatafuta mahali ambapo nyota haipo.

Wenzake wanamwita Mama Tupa, kwa sababu ya tupa ndogo isiyotoka katika mfuko wa aproni yake. Ana miaka arobaini na tisa. Zaidi ya ishirini kati ya hiyo aliitumia katika karakana kuu ya jeshi akiwa fundi raia, mwanamke pekee katika chumba cha majiliwa kumi na manne. Karakana ilipofungwa, alikaa nyumbani mwaka mzima akinoa visu na kurekebisha cherehani za majirani.

Sasa ni kibarua katika makumbusho ya jeshi, ambayo yanaandaa ukumbi mpya wa silaha za zamani. Analipwa zaidi kidogo ya nusu ya mshahara wake wa awali, na theluthi ya malipo hayo huishia kwa mwenye nyumba. Mkataba wake unamalizika siku ukumbi unapofunguliwa. Ukumbi ukikamilika kama ulivyopangwa, makumbusho yatakuwa na karakana yake na fundi wa kudumu. Usipokamilika, ombi la karakana litarudi kabatini.

Kinachokosekana ni bunduki moja.

Ukuta mkuu wa ukumbi huo unaeleza jinsi bunduki ndefu ya askari wa miguu ilivyofupishwa kuwa karabini, silaha ya madereva, wapiga mizinga na watu wa simu, waliohitaji kitu kisichogonga mlango kila wanapopanda gari. Upande wa kushoto imetundikwa ile ndefu. Upande wa kulia zipo karabini mbili za baadaye. Katikati kuna kulabu mbili tupu. Hapo ndipo ilipopaswa kukaa karabini ya kwanza kabisa.

Bunduki hiyo ilikuwa na majina matatu. Kiwandani waliiita Fupi ya Majaribio, kwa sababu walichukua ile ndefu, wakakata mtutu, wakakata mbao, wakaituma ikajaribiwe. Jeshi lilipoikubali likaiandika Karabini Namba Moja. Askari walioibeba waliiita Punda.

"Kwa sababu ya teke," anaeleza Mama Tupa. "Walipunguza uzito, hawakupunguza nguvu ya risasi. Ukifyatua asubuhi, jioni huwezi kuvaa shati bila msaada. Na ule mtutu mfupi ulikuwa unatema moto mpaka aliyelenga haoni alicholenga."

Malalamiko yalipozidi, ilitolewa amri ya marekebisho. Kila kitako kiwekewe mpira wa kupunguza teke. Kila mdomo wa mtutu uchongwe mistari ya skrubu, kisha ufungwe kikombe cha chuma cha kuzuia moto. Kazi ikikamilika, fundi agonge nyota ndogo mwishoni mwa namba ya bunduki.

Jeshi halikubadili jina. Silaha mpya ingehitaji kibali kipya cha fedha, marekebisho hayakuhitaji, kwa hiyo ikaandikwa Karabini Namba Moja Nyota. Askari hawakuhitaji kibali cha mtu. Waliiita Punda Mpole. Na ile iliyofuata, iliyotengenezwa upya kiwandani na kuitwa rasmi Namba Mbili, wakaiita Nyumbu, wakamaliza.

Tatizo la Mama Tupa ni kwamba amri ile ilitekelezwa vizuri mno. Mafundi waliketi, wakachonga, wakafunga, wakagonga nyota. Yeye mwenyewe aligonga mamia. Chuma kilichochongwa hakirudi, na tundu la skrubu katika mbao haliponi. Makumbusho yalipoanza kutafuta Karabini Namba Moja isiyoguswa, kila kasha lililofunguliwa lilitoa nyota.

Mkuu wa makumbusho, afisa mstaafu anayevaa suti kana kwamba ni sare, alimwita ofisini akampa pendekezo. Achukue moja yenye nyota. Aikwangue nyota, azibe matundu ya kitako, asawazishe mdomo wa mtutu, itundikwe.

"Mama Tupa, mimi nina ukuta wenye pengo," alimwambia. "Wageni watasimama pale waulize ya kwanza iko wapi. Nitawaambia nini?"

"Afande, ile yenye nyota ni halisi. Nikiigusa tutakuwa na ya uongo moja, na ya kweli itakuwa imepungua moja."

"Basi niletee nyingine. Usiponiletea mpaka mwisho wa mwezi, utashika tupa."

Mkuu huyo hakanushi. "Sikufurahia kulisema," anaeleza. "Lakini tarehe ya ufunguzi haiko mikononi mwangu, na ukuta wenye pengo nao unadanganya. Unasema kitu hicho hakikuwapo."

Suluhisho lilianzia mezani, wakati wa chakula cha jioni, katika nyumba ya vyumba viwili ambako fundi huyo anaishi na mumewe na watoto wawili wanaosoma. Mume ni dereva wa lori. Hupenda kuwaambia wageni kwamba humo ndani ana mume mwenza, naye ni wa chuma.

"Mlizirekebisha zote kabisa?" alimuuliza mkewe usiku huo.

"Zote. Kila ghala lilipelekewa boksi la vifaa na amri."

"Basi kilichowaponza ni bidii yenu. Kama mafundi wote walikuwa kama wewe, mmekwisha. Tafuta mvivu."

"Aliacha kutafuna," anakumbuka mume. "Nikajua nimesema kitu, ila sikujua ni kitu gani."

Mvivu alikuwapo, na alijulikana jeshi zima. Alisimamia ghala la silaha katika kambi ya mbali, na kila alichoagizwa alijibu kwa neno moja, hadi likawa jina lake. Mzee Baadaye sasa ni mstaafu. Anafuga kuku nyuma ya safu ya nyumba za kupanga, na chumba chake cha mbele kina sakafu ya saruji iliyopasuka kutoka mlangoni hadi dirishani.

Mama Tupa alikwenda siku ya Jumapili, amebeba pakiti ya majani ya chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umenenepa? Kumbe jeshi lilikuwa linakunyima chakula."

"Lilikuwa linanipa kazi zako, mzee, sikuwa na muda wa kula."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Walikaa, chai ikaletwa. Mama Tupa aliweka kikombe mezani na kugundua kwamba meza haiyumbi. Juu ya sakafu kama ile, ilipaswa kuyumba. Akainama kutazama. Chini ya kila mguu kulikuwa na kipande cha mpira mweusi, kizito, kilichopinda kidogo, chenye matundu mawili ya skrubu.

"Mzee, hii mipira umeitoa wapi?"

"Mipira ipi?"

"Hii, viatu vya meza."

"Aa, hiyo. Mali ya serikali," alijibu mzee bila kupepesa macho. "Inamtunza mstaafu wa serikali."

"Kila mpira ulikuwa na bunduki yake."

"Najua. Zile nne nilizibakiza. Na usianze kuniita mvivu nyumbani kwangu. Ile ilikuwa amri ya tatu kwa mwaka mmoja. Ya kwanza ilisema zibadilishwe, ya pili ikasema ziachwe. Nikasema acha niisubiri ya nne."

Ya nne ilikuja. Karabini zote fupi ziondolewe kambini. Mzee Baadaye alizituma zilizokuwa nzima. Zile nne, ambazo mitambo yake ya kufyatulia ilikuwa imevunjika, alizipeleka chuo cha mafunzo zikatumike katika gwaride, mahali ambapo bunduki haihitaji kulia bali kung'aa.

Ndiyo maana zilipakwa rangi nyeupe.

Chuoni, mtunza stoo alimfungulia Mama Tupa chumba kilichojaa ngoma, bendera zilizokunjwa na viatu visivyo na jozi. Ukutani ziliegemezwa karabini nyeupe kumi na mbili, zilizotoka kambi mbalimbali kwa miaka mbalimbali. Nyingine, mtunza stoo alisema, ziliuzwa zamani kama chuma chakavu. Zilizokuwa na vikombe na mipira zilivuliwa, kisha zote zikavikwa bati mdomoni na kitakoni ili zisiliwe na saruji ya uwanja. Kwa nje hazikutofautiana hata kidogo.

Makumbusho yaliomba zote kumi na mbili. Mama Tupa amezisafisha moja moja. Nane zilikuwa na nyota. Tatu hazikuwa nayo, na siku alipoiona ya kwanza kati ya hizo alimpigia simu mume wake, aliyekuwa barabarani na lori. Lakini hizo tatu zilikuwa zimekaa chini ya paa linalovuja. Mchwa walikuwa wamebakiza ganda la rangi lenye umbo la kitako, na kutu ilikuwa imetoboa mitutu.

Iliyo katika jiliwa asubuhi hii ndiyo ya kumi na mbili. Ni nzito, mbao zake zikigongwa zinajibu, na mwisho wa mwezi ni keshokutwa. Pembeni, juu ya kitambaa safi, imelazwa karabini yenye nyota iliyochaguliwa kwa kazi ile nyingine. Tupa bado iko mfukoni.

Rangi inaanza kuvimba. Mama Tupa anachukua kijiti cha mbao, si chuma, na kuisukuma pembeni polepole. Nyeupe inaondoka, chini yake kuna nyeupe nyingine. Anapaka dawa tena. Anasubiri tena. Anafuta kwa tambara.

Namba zinatokea, tarakimu baada ya tarakimu. Baada ya ile ya mwisho kuna chuma kitupu, chenye mikwaruzo myembamba iliyoachwa na mashine ya kiwanda.

Anapitisha kidole hapo mara mbili. Anafungua bati la mdomoni kwa koleo na kutazama mtutu. Ni laini, haujachongwa mistari. Anageuza bunduki, anang'oa misumari midogo ya bati la kitakoni. Mbao iliyo chini yake ina alama za misumari hiyo tu. Hakuna skrubu iliyowahi kupita hapo.

"Ni yenyewe," anasema, na sauti yake ni ya mtu anayesoma mita ya umeme. Kisha anaketi chini ghafla, anajifunika uso kwa tambara lenye rangi, na anapolitoa ana doa jeupe puani.

Anapofungua mlango, mkuu wa makumbusho yuko koridoni, anajifanya kusoma tangazo la zimamoto.

"Punda?" anauliza mkuu.

"Punda, Afande."

Mkuu anaingia, anaitazama, anamshika fundi wake mkono na kuutikisa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Halafu anauliza kuhusu kibao cha maelezo. Awali alikuwa amekataa majina ya utani kuandikwa katika ukuta wa serikali.

"Majina yote matatu," anasema sasa. "La kiwanda, la jeshi, na la mabega ya watu."

Ombi la karakana ya kudumu litapelekwa wiki ijayo pamoja na picha ya ukuta uliokamilika. Mama Tupa tayari amechagua chumba. Kina madirisha mawili yanayopata mwanga wa asubuhi, na amepima mahali pa jiliwa. Katika stoo ya makumbusho yamebaki makasha arobaini ya silaha za aina nyingine, ambayo hayajafunguliwa, na anataka kila silaha iliyomo ipate majina yake yote kabla waliokuwa wakiyatumia hawajaisha. "Mimi nikipewa miaka mitano pale, nitaimaliza kazi hiyo," anasema. "Nikipewa kumi, nitaifanya vizuri."

Lakini kwanza anapiga simu. Anaiweka mezani na kufungua spika, kwa sababu mikono yake bado ina dawa.

"Mzee, shikamoo. Tumeipata. Haina nyota. Itaandikiwa kibao."

"Marahaba. Si nilikwambia? Na hicho kibao chenu kitasemaje?"

"Kitataja majina yake. Halafu kitasema haikuwahi kurekebishwa."

"Hapo mmenitaja mimi," anasema Mzee Baadaye, na kuku wanasikika nyuma yake.

"Kuna jambo jingine, mzee. Ile yenye nyota, jirani yake ukutani, mpira wake ulioza kama yote tuliyonayo. Imetundikwa kitako kitupu. Nahitaji mmoja wa mezani kwako."

"Na meza yangu?"

"Mume wangu atakukatia minne mipya ya tairi la lori. Haitayumba mpaka wajukuu wako waoe."

Mama Tupa anafumba macho, anasubiri neno ambalo jeshi zima lilizoea kulisikia.

"Amepakia mzigo leo, huyo mumeo?" anauliza mzee.

"Hapana. Yuko nyumbani."

"Basi mwambie aje sasa hivi. Naanza kutoa vikombe mezani."