Salfa Kwenye Bwawa la Perege

Mama Yasinta, jina lake la ubatizo Cecilia, ni jirani yangu hapa Lulindi tangu tulipoolewa. Kati ya nyumba zetu kuna mikorosho kumi na mmoja, na kanisani tunakaa benchi moja. Haya ninayoyaandika mengine niliyaona, mengine aliniambia mwenyewe, na ameniruhusu niyaseme.

Miaka minne iliyopita mume wake, Ladislaus, alifukiwa na mchanga. Alikuwa kibarua machimboni, njia ya Newala, anapakia lori, ukingo ukaporomoka. Mwenzake Uwesu alifia palepale. Ladislaus alibaki mkono mmoja tu uko nje, na kwa mkono ule ndio walimwona. Hakuvunjika hata mfupa. Tulisema Mungu ni mkubwa, na kweli ni mkubwa. Lakini aliyerudi nyumbani hakuwa yule aliyeondoka. Sufuria ikianguka jikoni, anatoka mbio mpaka barabarani. Shimoni haingii, hata liwe la choo. Kulala analala mlango wazi, hata kwenye baridi ya mwezi wa saba.

Kilichomtuliza ni perege. Wanaume wa kanisa walimchimbia bwawa bondeni, kando ya kijito, na kila asubuhi akawa anakaa ukingoni anawarushia pumba. Hapo mikono yake haitetemeki. Mama Yasinta alizoea kuniambia, "Dada, wale samaki wakifa, huyu mtu sijui nitamshikia wapi."

Basi mwezi wa saba tulikuwa na kipaimara. Tukawavua wale perege kwa neti, tukawaweka kwenye mabeseni tuchague wakubwa wa wageni. Asubuhi nzima tunawashikashika, tunacheka, wengine wanaruka chini kwenye majani tunawaokota. Wadogo tukawarudisha majini. Nami nilikuwepo, nilishika beseni.

Wiki moja baadaye samaki wakaota kitu cheupe mgongoni, kama pamba. Sasa sisi watu wa huku tumekulia kwenye mikorosho. Ukiona unga mweupe, wazo la kwanza ni ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, na dawa ya ubwiri unga kila mtu anaijua, ni salfa. Ijumaa, Ladislaus akiwa amekwenda Masasi, Mama Yasinta alichota mabakuli mawili kwenye mfuko wa salfa ya shambani, akaenda kuyamwaga bwawani. Akashukuru Mungu, akarudi kupika.

Jumatatu samaki walikuwa juu ya maji wanahema kwa midomo. Jioni ishirini na mmoja walikuwa wamekufa. Ladislaus akaona unga wa njano kwenye majani ya ukingoni, na akili yake ikaenda moja kwa moja kwa Majaliwa.

Majaliwa ni mtu wa Mnyambe, alihamia kwetu zamani. Msimu huu ndiyo kazi yake, kuwapulizia watu mikorosho, na mashine yake huioshea kijitoni. Utani wake na Ladislaus ni wa kila siku. Hakujua kilichotokea, akapita na utani wake uleule.

"Baba Yasinta! Kwetu Mnyambe maji ya kunywa tunapanga foleni na ndoo, ninyi huku mnawapa samaki walalie. Si anasa hiyo?"

Ladislaus hakucheka. "Umeniulia samaki."

"Nimeua nini?"

"Salfa yako hii hapa."

"Imeandikwa jina langu? Bonde zima linanuka salfa. Hata maandazi ya mke wangu yananuka salfa."

"Tutaonana kwa mwenyekiti wa kijiji."

Kesi ikapangwa Alhamisi. Watu wakaanza kusema Majaliwa atasimamishwa kupuliza mpaka msimu uishe, na mtu yule hana kazi nyingine.

Jumatatu hiyohiyo usiku, tukitoka mazoezi ya kwaya, Mama Yasinta akanishika kiganja. "Ni mimi," akasema, akanieleza yote. "Nikisema, Baba Yasinta ataanguka. Nikinyamaza, namwonea Majaliwa. Miaka minne, dada, kila kinachoweza kumshtua nakificha. Sasa nifanyeje?"

Tukasimama njiani tukasali Baba Yetu, tukaachana.

Jumanne likaja tena gari la chuo kikuu. Ndani kuna watafiti wawili wanaochangia gari moja, kwa sababu mafuta ni shida hata kwa wasomi. Naima anatafiti magonjwa ya samaki wa kufugwa. Ashiru anatafiti kiwewe, yaani ile hofu inayobaki kwa mtu aliyepatwa na balaa. Watu wetu kwa maneno, wakaliita gari la samaki na vichaa. Mwezi wa tano Ashiru alikwenda kwa Ladislaus na karatasi yake ya maswali, akafukuzwa kabla hajakaa. Lakini Naima, kwa kuwa alikuja kwa ajili ya perege, alipewa kigoda.

Tulikusanyika bwawani. Majaliwa naye alikuja, akasimama ng'ambo amekunja mikono. Naima alimkwangua samaki kidogo, akaweka kwenye kioo, akachungulia kwenye hadubini.

"Baba, huu ni ukungu. Kabla ya hapo mliwavua?"

"Tuliwavua. Kipaimara."

"Basi hapo ndipo ulipoingilia. Samaki akikimbizwa, akabanwa, akakosa pumzi, ute wa ngozi unatoka na kinga ya mwili inashuka. Unamrudisha majini unadhani yamekwisha, kumbe mwili wake bado uko kwenye beseni."

Ladislaus akasogea karibu. "Kwa muda gani?"

"Siku kadhaa. Wengine wiki."

"Na akibanwa sana?"

Naima akamtazama Ashiru. Ashiru akaangalia chini, wala hakutoa karatasi yake. Hapo nilimpenda yule kijana.

"Sijui, baba," Naima akajibu. "Kwa samaki bado tunatafiti." Akachovya kikaratasi majini, kikabadilika rangi. "Ila maji yenu ni makali, yana asidi, na hili halikutokana na ukungu. Nani ametia nini, lini, na kiasi gani? Nikibahatisha, naweza kuwamaliza waliobaki."

"Muulize yule," Ladislaus akamnyooshea Majaliwa kidole.

"Salfa," Mama Yasinta akasema. "Mabakuli mawili, Ijumaa saa nne. Ni mimi, Baba Yasinta."

Mimi nilikuwa natazama barabara, nimeshampima Ladislaus na mbio zake. Ng'ambo, Majaliwa akafungua mikono.

"Mabakuli mawili! Mama Yasinta, mimi hata mkorosho siupi mabakuli mawili!"

Mtu akacheka, kisha wote. Ladislaus hakucheka, ila hakukimbia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utashtuka."

"Mengine ambayo hukuniambia yapo?"

"Yapo."

"Taja moja."

"Yasinta alilazwa Tandahimba mwaka jana. Mimba ilitoka. Amepona sasa."

Yasinta ni mtoto wao wa pekee. Ladislaus alikaa chini kwenye majani, akakaa sana. Naima, naye ana busara zake, akatugawia kazi. Samaki waingizwe kwenye mabeseni ya maji ya chumvi, safari hii taratibu na wachache wachache. Bwawa litolewe maji nusu, tope la chini lizolewe, ndipo tutie chokaa na maji mapya.

Maji yaliposhuka, bwawa likawa shimo. Mama Yasinta akafunga kanga, akaingia na ndoo. Majaliwa akaingia nyuma yake bila kuombwa. Mimi nilikuwa napokea ndoo juu. Ladislaus alisimama ukingoni, Ashiru kando yake.

"Si lazima, baba," Ashiru akasema.

"Najua si lazima." Kisha akapaza sauti, "Mama Yasinta, toka kwenye hiyo kona. Ukingo umepasuka. Huo haukupi taarifa."

Mama Yasinta hakuelewa, akabaki anachota. Basi Ladislaus akavua kandambili, akashuka, tope likamfika magotini, akamshika mkewe mkono akamvuta katikati. Nilidhani atapanda juu mara moja. Alijaza ndoo tatu, nilizihesabu, ndipo akapanda, akakaa juani akitetemeka. Majaliwa akamletea maji, akamwambia ni ya foleni, ayanywe kwa heshima.

Ule ukingo ulianguka kesho yake asubuhi, kipande kidogo tu, hakuna aliyekuwepo. Samaki walipona kama nusu. Jumatano Ladislaus alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti kuiondoa kesi, na aliporudi akapitia kwa Ashiru, pale walipofikia, akamwambia alete karatasi yake.

Alijibu maswali tisa. La kumi lilikuwa la mwenzake aliyefia machimboni, Uwesu. Akasema, "Hilo uje Jumamosi, Mama Yasinta awepo."