Miezi Sita ya Mwakani

Kiwandani walimwita mhasibu wao Mama Hapana. Ukimpelekea karatasi ya matumizi bila risiti, anakurudishia kabla hujavuta kiti. Mafundi wa vitanda na makabati walitania kwamba hata mumewe, akitaka kumbusu, hujaza fomu kwanza.

Kiwanda kilikuwa cha ukweni. Baba mkwe alipofariki aliwaachia wanawe wawili wakubwa, kaka na dada, nusu kwa nusu. Mume wa Mama Hapana, kitindamimba, alipewa nyumba. Kaka ndiye aliyekuwa bosi. Dada aliishi mji mwingine na kuletewa faida yake kila mwaka. Huyo dada na Mama Hapana hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Siku ya harusi, wifi mtu alikaa nje ya ukumbi akimwambia kila apitaye kwamba mdogo wake ameokota.

Mwaka ule karakana ya jirani iliungua, na bosi akakimbilia kukata bima ya moto. Ilianza Oktoba, ya mwaka mzima, kwa awamu nne. Kufikia mwisho wa Desemba awamu tatu zilikuwa zimelipwa.

Siku ya kufunga hesabu, bosi aliingia ofisini akarudishia mlango.

"Shemeji, ile bima iandike yote kwenye matumizi ya mwaka huu. Na awamu iliyobaki pia."

"Iliyobaki hatujailipa."

"Tutailipa. We andika."

Mama Hapana hakuhitaji kuuliza sababu. Dada alikuwa ametangaza kuuza nusu yake, bosi ndiye mnunuzi, na walikubaliana kwamba bei itafuata faida ya mwaka huu. Bima nzima ikirundikwa hapa, faida inasinyaa na nusu ya dada inauzwa bei ya kutupa.

"Tumelipia miezi tisa, tumetumia mitatu," alisema. "Mitatu naiandika matumizi. Sita ni malipo ya kabla, mali ya mwakani. Awamu ya nne ikilipwa Januari, itaandikwa Januari."

"Hiki kiwanda cha nani?"

"Chenu wawili."

Kesho yake alikuta meza yake imehamishiwa stoo ya vanishi. Alifuta vumbi, akakaa, macho yakimwasha, akaendelea na kazi.

Nyumbani mumewe alimsihi akubali. "Huyo dada angekutetea wewe hivi?"

"Asingenitetea."

"Sasa unajiponza kwa ajili ya nani?"

"Nikiandika uongo mmoja, kesho kaka yako ataniletea wa pili, na huo siwezi kuukataa tena. Bora anichukie sasa hivi, nikiwa bado na mdomo."

Mumewe aliacha kumsihi. Alimjua mkewe, hapo hapakuwa na pa kumsogezea.

Februari familia ilikutana sebuleni kwa mama mkwe. Bosi alitoa karatasi iliyochapwa vizuri, akamsukumia dada yake. Dada alisoma, midomo ikakazana.

"Mbona faida imekuwa kiduchu hivi?"

"Bima, dada yangu. Imetumaliza."

"Hesabu hizi kafanya nani?"

"Mhasibu wetu, si huyo hapo?"

Mama Hapana alikuwa anamimina chai. Aliweka birika chini.

"Hizo si zangu. Zangu ninazo."

Alizitoa kwenye mkoba, akaziweka mbele ya wifi yake, akamweleza taratibu: miezi iliyotumika, miezi iliyolipiwa ambayo ilikuwa haijaanza, na awamu ambayo mwaka ulifungwa kabla haijatoka mfukoni. Mama mkwe aliacha kutafuna.

"Unanivunjia heshima mbele ya mama," bosi alisema.

"Shemeji, heshima yako iko palepale. Iliyohamishwa ni miezi sita, na mimi nimeirudisha."

Wifi alilinganisha karatasi mbili kwa muda mrefu. Kisha akaikunja ile ya kaka yake, akaitia kwenye pochi.

"Basi siuzi," alisema. "Na kuanzia mwezi huu nataka hesabu nyumbani kwangu kila mwezi. Azilete yeye, si wewe."

Bosi alitoka nje akabamiza mlango. Mama mkwe akasema chai inapoa.

Wakati wa kuagana, wifi alimsimamisha Mama Hapana getini. Alimwangalia juu mpaka chini, kama siku ile ya harusi.

"Usidhani nimeanza kukupenda."

"Sikukuomba hilo, wifi. Nimekuomba usome ukurasa wa pili, una jedwali."

Wifi alicheka kwa pua, akapanda gari.

Jumatatu bosi alikuja stoo, akasimama kati ya makopo. "Tafuta kazi kwingine."

"Niandikie barua ya kuniachisha. Sababu uiandike wazi, maana nitamwonyesha mwenye nusu nyingine."

Alisubiri wiki hiyo na iliyofuata. Barua haikuja. Meza nayo haikurudishwa ofisini, naye hakuiomba. Aliuacha mlango wa stoo wazi, akakaa mafundi wote wakimwona. Machi ilipoisha alitoa mwezi mwingine wa bima kwenye malipo ya kabla, akauingiza kwenye matumizi, akapiga mhuri, na nakala akaituma kwa wifi yake siku hiyohiyo.