Sumaku, Stilwaya na Damu ya Somoe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Matambarale, Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, hakunikaribisha hata chai. Alinionyesha hadubini, akanionyesha dirisha lenye mwanga mzuri, akasema, "Binti wa Singida, huku malaria ndiyo mwajiri wako." Ndivyo nilivyoanza kazi ya maabara. Ninyi mliozoea vipimo vya chapchap, msinicheke.

Kazi ilikuwa ya macho. Unamchoma mgonjwa kidole, unapaka tone la damu kwenye kioo, unalitia rangi, kisha unamsaka mdudu mpaka shingo inakufa ganzi. Mara nyingi niliona na vidoa vya kahawia. Nilijua ni uchafu wa mdudu, basi.

Baadaye nikahamishiwa kituo kimoja upande wa Mnero, na huko akaja mtafiti kutoka Dar, bwana mpole anayependa kueleza. Akaniambia hemoglobini ya damu ni molekuli iliyoshikilia chuma ndani yake. Chuma hicho kikiwa kimebeba oksijeni, sumaku haikivuti. Lakini mdudu wa malaria akiila hemoglobini, chuma kinachobaki hugeuka fuwele za kahawia, na hizo sumaku huzivuta. Kumbe ndivyo vile vidoa vyangu! Alituachia kibomba kilichojaa nyaya za chuma nyembamba kuliko unywele, cha kuweka kati ya sumaku mbili. Damu ikipita, chembe zenye mdudu hunasa kwenye nyaya. Ukiondoa sumaku na kusuuza, unazipata zimekusanyika. Alisema kwao wanajaribu nyaya za nano, ambazo hata hadubini yangu isingeziona. Nikamwambia hizo abaki nazo.

Mhudumu wetu alipenda usafi kupita kiasi. Siku moja alikiosha kibomba kwa maji ya kisima, akakianika. Nyaya zote zikashika kutu.

Wiki hiyohiyo akaja Somoe, mke wa mkulima wa ufuta, mjamzito. Mimba mbili zilishatoka, na hii alikuwa anaiombea usiku na mchana. Dawa ya kinga alishameza, lakini homa zilikuja na kuondoka, na kioo changu hakikuonyesha kitu, kwa sababu kwa mjamzito wadudu wengi hujificha kwenye kondo la nyuma. Niliumia sana. Mimba zangu pia zilitoka, na hakuna aliyejua kwa nini. Wenzangu waliniita Mama Maabara kwa kukosa jina la mtoto la kuniitia.

Nikapeleka jibu: hakuna mdudu. Mganga Mfawidhi wa pale, mama mmoja asiyecheka ovyo, alinirudishia.

"Mama Maabara, huyu siwezi kumrudisha nyumbani na hilo neno. Nenda Nachingwea katafute stilwaya tukijaze upya kile kibomba."

Nikapanda bodaboda, sumaku mkobani. Nilizunguka sokoni duka kwa duka, nikizigusisha sumaku stilwaya za kusugulia masufuria. Nyingi zinang'aa tu, hazishikwi. Muuzaji mmoja aliniuliza kama nimetumwa na mganga wa kienyeji. Duka la mwisho, stilwaya ikaruka ikaganda kwenye sumaku, nikacheka peke yangu.

Tuliichemsha, tukaikata vipande vidogo, tukakijaza kibomba, tukapitisha damu ya Somoe. Nikapaka kilichonaswa. Nikaona mdudu mmoja, halafu wa pili. Mganga akachungulia, akavuta pumzi, akasema, "Haya. Sasa tunamjua adui." Somoe akapewa dawa inayomfaa, mimba ikatimia, akajifungua binti.

Nimestaafu sasa, naishi Ruangwa mjini. Namshukuru yule mtafiti kwa kunifundisha mtu mzima kama mimi, namshukuru hata mhudumu na usafi wake. Lakini zaidi namshukuru yule mama aliyelikataa jibu langu. Natamani ningempata nikiwa kijana.

Wiki yangu ya mwisho kazini, nikiwa napanga vioo kwenye boksi, Somoe alikuja dirishani na binti yake mgongoni, mtoto anachemka. Nikamuuliza mbona anatabasamu na mtoto anaumwa.

"Ana homa, mama, naona," akasema. "Lakini yupo. Mpime."

Nikakichoma kile kidole kidogo. Akalia, kituo kizima kikasikia.