Samli ya Kujikinga na Shangazi

Majuzi nilimpeleka mjukuu wangu kliniki, vidole vimevimba na jicho limeiva kama nyanya. Daktari akatueleza kwamba ugonjwa wa viungo huweza kuingia hata machoni, na tukichelewa huenda asione tena. Nilitikisa kichwa kisomi, kama mhitimu halisi wa ngumbaru, lakini moyoni nilikuwa nimerudi utotoni, kule Ogembo, mlangoni pa Shangazi Kerubo.

Shangazi alivimba magoti, macho yakawa mekundu kuliko makaa, akawa anajifungia gizani kukimbia jua. Dada yangu Nyaboke alijua sababu.

"Ana jicho baya huyo. Akikukazia tu, punje za wimbi zitanata ngozini mwako zizame mpaka tumboni!"

Alasiri moja mama alinituma nimpelekee Shangazi uji. Nilijua watoto wachanga hupakwa samli kuwakinga na jicho kama hilo, basi nilijipaka chungu kizima, utosini hadi kisiginoni. Kule ndani kulinuka moshi na dawa za majani. Moyo ulinidunda hadi nadhani watu wa Nyaramba, mji wa mbali, walisikia.

"Sogea, mwanangu," Shangazi akasema, akanishika mkono. Nikateleza kama kambare, uji ukamwagika, nikapiga yowe.

Shangazi alinusa vidole vyake vilivyopinda, sasa vikinuka samli.

"Wamekuambia nina jicho baya?"

Nikarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Usiogope. Siku hizi sioni hata mlango. Hebu niambie, wewe ni Moraa au ni Nyaboke?"